Taa Isiyokula

Alikuja Bwana Lugogo saa nne, jua limeshashika mabati ya Sabasaba,
Passat yake nyeusi imeoshwa, hasira yake haijaoshwa.
"Taa mpya, fundi. Za LED. Nimezitia mwenyewe.
Zawaka. Njoo nyuma utazame, zawaka!
Na dashibodi yalia tangu jana: balbu imekufa, balbu imekufa."

Nikazunguka nyuma. Kweli zawaka,
nyekundu ya komamanga lililopasuliwa sasa hivi.
Nikarudi mbele. Kweli yalia,
kijitaa cha manjano, king'ang'anizi kama nzi wa Kongowea.

"Gari halina macho," nikamwambia.
"Halijui mwanga. Lajua kula.
Balbu ya zamani ilikuwa mgeni wa haja,
wati ishirini na moja kila ukikanyaga breki,
na nyingi zikiishia kwenye joto.
Hii yako imelamba wati mbili, ikasema alhamdulillahi.
Sahani imerudi jikoni imejaa.
Gari limesema: aliyeketi pale ni maiti."

Kitsao, kijana ninayemfunza kazi,
akacheka mpaka bisibisi ikamtoka.

Nikatoa rezista mbili, omu sita, wati hamsini,
zimevaa dhahabu kama maharusi wa bei nafuu.
Kazi yao ni kukaa kando ya taa
na kula isichokihitaji,
sahani irudi tupu, mwenye nyumba atulie.
Zachoma hizi. Usizifunge kwa tepu, usizilaze juu ya plastiki.
Tafuta bati, toboa, kaza kwa skrubu.
Na kabla ya yote kwangua ile kutu ya kijani kwenye soketi,
maana hewa yetu ina chumvi, na chumvi haina adabu.

(Kuna mafundi wanaokuja na kompyuta,
wakaliambia gari lisiulize tena.
Mimi sina kompyuta.)

"Kanyaga!"
"Ipo!" Kitsao, kutoka nyuma.
"Achia. Kanyaga tena. Kijitaa?"
"Kimezima, fundi! Wallahi kimezima!"

Bwana Lugogo akahesabu noti bila kubishana,
jambo ambalo silioni mara nyingi.
Nikaushika mlango wake.
"Ngoja. Siku taa hii ikifa kweli,
rezista itaendelea kula.
Gari litaona sahani tupu, litaridhika.
Hutaambiwa neno.
Utashuka Mazeras usiku, trela mgongoni mwako,
nyuma giza totoro,
na dashibodi safi kama uso wa mtoto aliyelala.
Basi kila Ijumaa shuka, zunguka, utazame kwa macho yako."
Akasema sawa, sawa, kama wanavyosema wote,
akaondoka, na pale kwenye tuta
ukuta wa muuza magodoro ukaiva mwekundu mara moja.

Saa saba simu ikalia. Mamangu, Takaungu,
saa saba kama kila siku, mwaka wa tisa huu.
"Goti, mwanangu. Goti hili litanimaliza.
Na unga umepanda. Na mbuzi wa jirani
kaingia tena kwenye mchicha wangu."
Pole mama, nikasema, pole, pole sana,
huku nachuna waya kwa meno,
moyo wangu umepoa kabisa.
Mama akilalamika, mama ni mzima.

Simu ikakatika.

Goti lile lile.
Mwaka wa tisa, na mbuzi yule yule.

Nikabaki nimesimama, waya mdomoni.
Juu ya meza palikuwa na rezista ya akiba,
haijaungwa popote, baridi, yang'aa.

"Dada Shufaa," Kitsao akaniita, "kuna Probox yangoja."
"Leo siku gani?"
"Alhamisi."
Nikavua funguo za gereji shingoni, nikamrushia.
"Kesho fungua wewe."